Ahadi Yenye Muhuri

Mtu akiahidi jambo jema mbele ya mashahidi, je, amekwisha kulitenda? Nauliza kwa sababu ya makampuni yanayojisifu kuwa malengo yao ya kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani yamethibitishwa.

Mthibitishaji mashuhuri ni Science Based Targets initiative, iliyoanza mwaka 2015, WWF ikiwa miongoni mwa waanzilishi. Kampuni yaweza kutanguliza barua ya ahadi, kisha ina miezi 24 ya kuleta lengo lenye hesabu: moshi wa viwanda na magari yake, umeme inaonunua, na mara nyingi hata moshi wa wanaoiuzia mali na wanaotumia bidhaa zake. Wakaguzi hulipima, na likifaa hutangazwa. Ada hulipwa na anayekaguliwa. Hilo, nakiri, halinipendezi.

Lakini angalieni kilichopigwa muhuri: ni lengo, si tendo. Cheti husema nia ni kubwa ya kutosha. Hakisemi moshi umepungua.

Hata hivyo siwaungi mkono wasemao kwamba ni bure. Mwaka 2024 makampuni zaidi ya 200 yaliandikwa hadharani kuwa ahadi zao zimeondolewa, maana muda ulipita bila kuleta malengo. Microsoft na Unilever zilikuwamo, ingawa malengo yao ya karibu yalikuwa yamepitishwa. Iliyoondolewa ni ahadi ya mbali. Aliyenyamaza tangu mwanzo hakuandikwa popote. Basi nani kati yao alituheshimu zaidi?