Bei na Thamani

Kijana wetu wa Shinyanga aanzapo kujifunza elimu ya uchumi katika Chuo Kikuu, hukutana na fumbo alilolitaja Adam Smith mwaka 1776: mbona maji, yaliyo uhai, ni rahisi, na almasi, kama zile za Mwadui, ni ghali? Hujibiwa kwamba bei hufuata uhaba. Mama anunuaye ndoo ya maji wakati wa kiangazi ayajua hayo tangu zamani.

Lakini vibarua wakizidi katika machimbo ya Geita, ujira hushuka. Je, utu wao nao umeshuka? Hasha! Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba ujira, hata uliokubaliwa, sharti umtoshe mfanyakazi kuishi.

Wazazi, watoto wetu na wajifunze bei chuoni. Thamani ya mtu tuwafundishe nyumbani, kabla hawajaondoka.