Haki Kabla ya Huruma

Je, mwenye ulemavu alindwe na huruma ya jirani, au na haki anayoweza kuidai? Wengi wetu, kwa malezi ya dini, tunaanzia kwenye huruma. Lakini huruma huchagua wa kumpa, na kesho yaweza kukauka. Dini zenyewe zinadai zaidi: Torati inakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani, na historia ya Uislamu inamkumbuka Ibn Umm Maktum, kipofu aliyeadhini Madina na kuachiwa usimamizi wa mji huo Mtume alipokuwa safarini. Alipewa dhamana kamili kama mtu mzima mwenye uwezo wake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inafuata msingi huohuo: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Wapo wanaosema kiwango hicho kinapuuza sifa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ushindani ungekuwa wa haki tangu mwanzo. Mhasibu hodari anayetumia kitimwendo, usaili ukifanyika ghorofa ya pili pasipo lifti, anakuwa ameshindwa na ngazi kabla hajaulizwa swali hata moja. Wengine husema sheria haibadili moyo. Ni kweli, ila njia ya mteremko iliyojengwa kwa shuruti humpitisha mtu leo, hata moyo wa mwenye jengo ukiwa bado mgumu. Basi wakaguzi wakague, mahakama ziamue, nasi waumini tuache kuita hisani lile ambalo ni deni.