Uadilifu wa Mzazi Uwanjani

Ndugu msomaji, mzazi kumfundisha mwanawe mchezo ni jambo jema, kwani mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu. Lakini akikabidhiwa na watoto wa jirani, hapo amekuwa hakimu.

Sahaba Bashir bin Saad r.a. alimpa zawadi mwanawe Nuuman, akamwomba Mtume Mtukufu s.a.w. awe shahidi. Mtume s.a.w. akauliza kama watoto wake wote wamepewa vivyo hivyo. Alipojibiwa hapana, alikataa kuishuhudia dhuluma hiyo. Basi nafasi katika timu nayo ni zawadi, na timu nzima ni watoto wako.

Katika Kombe la Dunia la 1998, Cesare Maldini aliiongoza Italia, na nahodha alikuwa mwanawe Paolo. Lakini Paolo alikuwa nahodha kabla baba yake hajakabidhiwa timu ile. Cheo hakikuwa hiba ya baba.

Wako pia wamkemeao mwana wao kupita wengine ili wasidhaniwe kupendelea. Hiyo nayo ni dhuluma.

Ee mzazi! Mchezo utasahauliwa, bali mtoto uliyemnyima haki yake hatasahau. Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu. Amin.