Kidole Kizito na Kidole Chepesi

Wajukuu zangu, jioni mnapokaa barazani mkionyeshana dashibodi zenu, nani anaiona pampu ya kisima, nani anajua maji yamefika wapi kwenye simtanki, nani amewasha taa za banda la kuku akiwa bado yuko Lamadi, mimi huwa nasikiliza huku nachambua mchele, na nafurahi. Zamani ukitaka kujua kama tangi limejaa ulipanda ngazi. Leo kijana wa hapa kwetu Nyashimo ananunua kikompyuta cha Raspberry Pi kinachoenea kiganjani, anakiwekea Home Assistant, programu aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013 na ambayo hadi leo inatolewa bure, na nyumba nzima inamsikiliza. Hilo ni jambo la kheri. Lakini kuna pembe moja ya dashibodi mnaipita haraka bila kuitazama, nayo ni orodha ya kontena zinazosubiri kusasishwa. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Nyumba zenu haziendeshwi na programu moja. Nyuma ya dashibodi kuna kontena kadhaa za Docker, kila moja imebeba programu yake na vikorokoro vyote inavyovihitaji. Kuna ya Home Assistant yenyewe, kuna ya Mosquitto inayopokea na kusambaza ujumbe wa vitambuzi, kuna ya Zigbee2MQTT inayoongea na swichi na balbu, kuna ya hifadhidata inayotunza kumbukumbu. Kila moja ina watunzi wake, na watunzi hao hawakai kikao kimoja kupanga tarehe. Ukiunganisha Portainer, programu ya kusimamia kontena, na Home Assistant, au ukiweka WUD inayokagua matoleo mapya na kutuma taarifa zake kwa njia ya MQTT, lugha ileile ya Mosquitto, unaona kwenye simu ipi inatembea, ipi imezimika, ipi imetolewa toleo jipya. Pembeni kuna kitufe. Kwenye kitufe hicho ndipo binadamu wanapogawanyika.

Wa kwanza ni wa kidole kizito. Hawa nimewaona tangu kompyuta za kwanza zilipoingia maofisini kwetu na kufunikwa vitambaa vya kufuma. Ujumbe wa kusasisha ukitokea wanabonyeza “baadaye”, na baadaye hiyo haifiki. Siwalaumu sana. Mashine inafanya kazi, bando linauma mfuko, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; mtu akishaharibikiwa mara moja baada ya kusasisha, harudii tena. Lakini tazameni kilichotokea. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la Windows tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu hasidi ya WannaCry ikapitia tundu hilo na kuenea duniani, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwa mlangoni karibu miezi miwili.

Msiseme hayo ni ya mahospitali makubwa. Machi 2023 Home Assistant yenyewe ilitangaza tundu kwenye Supervisor, ile sehemu inayosimamia programu nyingine, lililomwezesha mtu kuingia bila nywila. Lilipewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari, na lilikuwamo tangu 2017. Walioendesha Home Assistant kama kontena tupu, bila Supervisor, halikuwahusu. Wengine walihitaji toleo la 2023.3. Na jina la toleo ni mwaka na mwezi, kwa hiyo mwenye macho anaona mwenyewe mfumo wake umechakaa kiasi gani. Wapo ambao wangali kwenye la zamani, na wamefungua mlango wa intaneti kwenye ruta ili waone kuku wao wakiwa safarini.

Hapa kwetu somo hilohilo tulilipata kwenye mita za umeme za LUKU. Tokeni za mita hizo zina muhuri wa wakati, unaohesabiwa kwa dakika kuanzia mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kuhesabu dakika hizo ilikuwa inaishia tarehe 24 Novemba 2024, si Tanzania tu bali kwa mita zote za mfumo huo duniani. TANESCO ikatangaza kwa miezi. Tangazo lilisema: ukinunua umeme utapata makundi matatu ya tarakimu 20. Ingiza la kwanza, kisha la pili, halafu la tatu ndilo lenye uniti zako. Mara moja tu, bure. Na bado wapo walioruka wakaingiza la tatu peke yake, kwa kuwa ndilo lenye uniti, kisha wakashangaa mita imekataa. Makundi mawili ya kwanza ndiyo yaliyobadilisha ufunguo wa mita. Bila hayo, la tatu lilikuwa tarakimu tupu. Nilicheka nao, nikawasaidia kuanza upya. Tumeumbwa hivyo, macho yetu hukimbilia kwenye nyama.

Wa pili ni wa kidole chepesi, na hao ndio wengi barazani kwangu. Huyu haahirishi. Saa tatu usiku, kabla ya kulala, akiona orodha ina matoleo mapya anabonyeza yote kwa mkupuo na kuvuta shuka.

Desemba 2020 Mosquitto ilitoa toleo la 2.0. Kwa ajili ya usalama, watunzi waliamua kwamba programu ikiwashwa bila maelekezo ipokee mawasiliano ya ndani ya mashine ileile tu, na ikielekezwa kusikiliza nje isimpokee asiye na jina na nywila mpaka mwenye nyumba aruhusu kwa maandishi. Uamuzi mzuri. Lakini kwa programu iliyomo ndani ya kontena, “mashine ileile” ni ndani ya kontena ile tu. Vitambuzi vyote vikabaki nje vinabisha hodi. Waliosoma maelezo ya toleo waliongeza mistari miwili kwenye faili la mipangilio, wakaendelea na shughuli zao. Waliofunga kontena kwa lebo ya “latest” waliuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu lebo hiyo haikuambii ni toleo gani unachukua. Leo ni 1.6, kesho ni 2.0, na jina halijabadilika.

Fikirieni maana yake hapa Nyashimo. Umebonyeza usiku, alfajiri umepanda basi la Mwanza. Saa moja asubuhi mama yako anafungua bomba, hamna maji, kwa sababu habari za simtanki haziifikii pampu. Dashibodi kwake ni kioo cheusi. Anakupigia, uko njiani Magu, mtandao unakatika, unamwambia afungue sijui nini abonyeze sijui wapi, na mwishowe anachukua ndoo. Aliyebonyeza amekaa kwenye kiti cha basi. Anayekula hasara ni mwingine kabisa. Ndiyo maana sichoki kuwaambia kwamba pampu iachiwe swichi ya ukutani inayowashwa kwa mkono, na kila mtu wa nyumba hiyo aoneshwe ilipo.

Halafu kuna hili la kumbukumbu kupotea, ambalo limewaliza wengi. Kontena haikarabatiwi. Ile ya zamani inasimamishwa na kuondolewa, na mpya inawekwa mahali pake. Ni sawa na mama lishe anayepokea sufuria jipya na kulitupa la zamani bila kuangalia kama mna mchuzi. Chochote kilichoandikwa ndani ya kontena kinaondoka nayo. Kinachobaki ni kile ulichokielekeza kihifadhiwe kwenye folda ya nje, juu ya diski ya mashine yenyewe. Hilo hukaguliwa kabla ya kubonyeza, si baada. Hifadhidata ina ugumu wake zaidi. PostgreSQL, kwa mfano, ikirukishwa toleo kubwa inakataa kufungua data ya toleo la nyuma mpaka uihamishe kwa utaratibu wake. Data haijafa, lakini kontena haiwaki, na mtu mwenye hofu huanza kufuta.

Kuhusu bando kukatika, hapo hofu yenu ni kubwa kuliko hatari. Likikatika katikati ya kupakua, kontena ya zamani inaendelea na kazi. Kubadilishana hakuanzi mpaka vipande vyote vimefika.

Wengine hufikiri dawa ni kuiachia mashine ijisasishe yenyewe. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro, likajipakia lenyewe, na kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows zikaanguka, ndege zikabaki chini. Hao ni wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mimi nisingekubali kontena inayoendesha maji ijibadilishe nikiwa nimelala.

Na neno “inatembea” kwenye dashibodi lisiwapumbaze. Docker inakuambia mchakato uko hai, haikuambii kazi inafanyika. Mosquitto ile ya 2.0 ilionekana inatembea vizuri kabisa. Wekeni kipimo kinachouliza jambo lenyewe: kitambuzi cha tangi kimeleta habari lini? Kikinyamaza nusu saa, simu ilie.

Jambo ambalo silitanii ni soketi ya Docker, yaani mlango wa kuipa amri. Ili dashibodi iweze kusimamisha na kubadilisha kontena, lazima ipewe njia ya kuiamuru Docker, na mwenye kuiamuru Docker ni mwenye mashine nzima. Kwa hiyo dashibodi yenye kitufe hicho isiwekwe wazi kwenye intaneti, pitieni VPN. Na kama kuona kunamtosha mtu, mpeni ruhusa ya kuona tu. Mdogo wako hahitaji kitufe cha kubomoa nyumba ili ajue kama taa imezimwa.

Basi fanyeni hivi. Chagueni asubuhi ya siku mtakayoshinda nyumbani. Chukueni nakala rudufu kwanza na kuitoa nje ya mashine, maana kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi haipendi umeme wetu unaokatika. Andikeni namba ya toleo lililopo, ili pa kurudi pajulikane. Someni maelezo, hasa sehemu ya mabadiliko yanayovunja ya zamani. Ni dakika kumi na chai haijapoa. Sasisheni moja, ijaribuni kwa kufungua bomba lenyewe, ndipo muende ya pili. Likiwa ni tundu la usalama, msingoje. Mengine yanaweza kukaa wiki moja mpaka wenye haraka wa dunia waonje chumvi.

Na kuhusu hiyo nakala: tangu toleo la 2025.1 Home Assistant kwa kawaida hufunga nakala inazochukua yenyewe kwa ufunguo wa siri. Ufunguo ukibaki ndani ya kikompyuta kilekile kilichoungua, nakala haifunguki. Uandikeni kwenye karatasi, muuweke sandukuni pamoja na hati za shamba, mumwambie mama. Kisha jaribuni kurejesha nakala hiyo kwenye mashine nyingine mapema, mkiwa na maji ya kutosha ndani.