Motokaa Kuukuu na Amri ya Saba



Huko Ulaya na Marekani kumezuka mnada wa namna mpya, usio na dalali wala nyundo. Mtu huketi kwake usiku, watoto wamekwisha lala, akatazama katika mtandao picha za gari la zamani lililotelekezwa ghalani miaka thelathini, akataja bei kwa kugusa kioo cha simu. Jambo lenyewe hatulioni kuwa baya. Kukiokoa kitu kilichotengenezwa vizuri kisiliwe na kutu ni kazi njema, na baba ashindaye Jumamosi chini ya gari pamoja na mwanawe hapotezi wakati. Lakini amri ya saba haipumziki mnadani, hata kama wauzianao hawaonani uso kwa uso.

Tuanze na muuzaji. Chukueni mfano wa Land Rover, ambayo wengi wenu mliifahamu katika misioni zenu. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza na kiligawiwa kwa kipimo, wajenzi wake waliifanyia bodi ya alumini iliyochanganywa na madini mengine. Alumini hailiwi na kutu nyekundu. Kwa hiyo gari hilo laweza kukaa matopeni miaka arobaini na bado likapendeza machoni. Lakini chesisi iliyo chini, ibebayo mzigo wote, ni ya chuma, nayo ina uwazi ndani. Kutu huanzia humo ndani pasipo kuonekana, hata siku moja bisibisi hupenya kama kisu katika ndizi mbivu. Basi muuzaji apigaye picha ishirini za bodi, za usukani na za taa, wala asipige hata moja ya chini, hakuna picha yake iliyo ya uongo. Je, twaweza kusema kwamba ametuambia kweli?

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliuliza swali kama hilo katika karne ya 13, alipoandika katika Summa Theologiae juu ya hila za kuuza na kununua. Jibu lake ni jepesi kufahamika. Ila iliyo wazi, kwa mfano farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, maadamu amepunguza bei kama ipasavyo. Lakini ila iliyofichika, iwezayo kumtia mnunuzi hasara au hatari, lazima aiseme; akinyamaza ameuza kwa hila, na yampasa kuilipa hasara hiyo. Nasi twaongeza kwamba yale maneno ya siku hizi, "lauzwa kama lilivyo," yaweza kumkinga mtu barazani, lakini dhamiri haiyakubali kwa ila ambayo yeye mwenyewe aijua. Breki zilizooza hazimwumizi mnunuzi peke yake. Zamwumiza na mtoto avukaye barabara.

Wala watu wasidhani kwamba hila hizi zimeletwa na mitambo. Cicero, mwaka 44 kabla ya Kristo, alisimulia habari za Canius wa Roma aliyetamani kununua bustani huko Syracuse. Pythius, mwenye bustani, aliwaagiza wavuvi wote waje siku ya pili kuvua mbele yake. Canius alipofika karamuni akaona mitumbwi tele, na samaki wakimwagwa miguuni pa mwenyeji wake. Akanunua kwa bei aliyotajiwa. Kesho yake hakuona hata kasia moja. Jirani akamwambia kwamba hapo hakuna avuaye kamwe. Cicero huyo huyo akakataza muuzaji asimweke mtu wa kupandisha bei kwa uongo, jambo ambalo leo hufanywa kwa kumtumia shemeji au rafiki mwenye jina la kubuni. Huo ni wizi, na hatuna neno laini zaidi la kuuita.

Yafaa pia tutaje mfano mwema. eBay ilipoanzishwa Marekani na Pierre Omidyar mwaka 1995, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kilichovunjika, kwa dola 14.83. Omidyar alimwuliza mnunuzi kama amefahamu kwamba ni kibovu. Akajibiwa kwamba ndiyo, maana yeye hukusanya vibovu vya namna hiyo! Kila mmoja ana lake la kupenda, na katika biashara ile hakudanganywa mtu.

Sasa twageukia mnunuzi, na hasa mwenye jamaa. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Marekani waliandika jambo la maana: watu wengi wakikisia thamani ya kitu wasichoweza kukiona ndani, ashindaye mnada mara nyingi ndiye aliyekisia kupita kiasi kuliko wenziwe wote. Kwa hiyo anayeshangilia ushindi saa sita za usiku ana sebabu ya kuogopa. Tena katika mnada uitwao Bring a Trailer, ulioanza mwaka 2014, akitokea mtu kutaja bei katika dakika mbili za mwisho, saa hurudishwa kwenye dakika mbili. Hapo hasira huingia, na ada ya shule huanza kutajwa kama fedha "tutakazozirudisha." Baba mwenye akili hukaa na mama wa watoto mchana, wakahesabu pamoja gari, usafirishaji, chesisi mpya na matairi, wakaandika kipimo chao. eBay humruhusu mtu aingize mwisho wake mapema, kisha mtambo humpandishia kidogo kidogo kwa kadiri ilazimuyo tu. Basi na aingize, azime simu, akalale.

Limebaki jambo moja linalosahauliwa. Mara nyingi gari la ghalani huuzwa na mjane, asiyejua kwamba chuma kile cha marehemu ni cha namna adimu. Mnunuzi ajua, naye hunyamaza, akijisifu kwa jicho lake kali. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2409, yahesabu miongoni mwa makosa ya amri ya saba kupandisha bei kwa kuutumia ujinga wa mwenzio. Na Mtakatifu Thoma aligusa upande huu wa pili pia: auziwaye dhahabu na mtu adhaniye kwamba ni shaba, naye mnunuzi akijua, amenunua bila haki na lazima arudishe. Akiwa mtu wa namna hiyo yumo kati ya wasomaji wetu walioko ng'ambo, anwani ya mjane yule ingalimo katika karatasi za gari. Na amwandikie juma hili, akamweleze thamani ya kitu alichouza, akampelekee kilichopungua.