Chema Chajiuza? Tuzo na Haki katika Kuwachagua Waimbaji wa Kike wa Taarabu ya Mombasa

Utangulizi

Kila mwaka unapokaribia ukingoni, magazeti na vituo vya redio vya nchi nyingi huteua albamu za waimbaji wa kike zinazodaiwa kuupambanua mwaka uliopita. Aghalabu uteuzi huo huchukuliwa kuwa burudani tu, jambo lisilostahili kuwashughulisha wahakiki. Hata hivyo, anayeteua anatoa hukumu, na kila hukumu ina anayenufaika nayo na anayedhulumiwa. Makala hii inakusudia kuchunguza iwapo hukumu ya aina hiyo inaweza kutolewa kwa haki. Uwanja wa uchunguzi ni taarabu ya Kisiwa cha Mombasa, hasa ile inayoimbwa na wanawake katika arusi za Mji wa Kale. Dai linalotetewa ni kwamba mhakiki ana haki ya kuchagua, ila hana haki ya kujificha anapochagua.

Mwaka na albamu

Uteuzi wa albamu za mwaka umejengwa juu ya dhana tatu ambazo ni nadra kutamkwa: kwamba mwaka ni mmoja kwa watu wote, kwamba albamu ndiyo kipimo cha kazi ya mwimbaji, na kwamba kuupambanua mwaka ni sifa njema.

Dhana ya kwanza haikawii kuyumba. Katika mitaa kama Kibokoni na Kuze, msimu wa arusi hufuata mwezi mwandamo. Ramadhani inapoingia nyimbo hunyamaza. Idi ikipita, shamrashamra hurejea. Kwa kuwa mwaka huo ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko ule unaoanza Januari, msimu husogea daima. Fauka ya hayo, wimbo wa taarabu hauzeeki kwa tarehe ya kurekodiwa. Bibi arusi wa leo anaweza kuimbiwa wimbo alioimbiwa mamaye, na usiku huo wimbo ukawa mpya kwa sababu tukio ni jipya.

Dhana ya pili ina matatizo makubwa zaidi. Santuri za nembo ya Mzuri zilizotolewa na Assanand & Sons wa Mombasa zilibeba wimbo mmoja mmoja, wala si mkusanyiko wenye mada. Zikafuata kaseti zilizosambazwa na maduka kama Mbwana Radio Service, nyingine zikiwa zimenaswa papo hapo arusini. Albamu yenye jina, jalada na maelezo ilichochewa kwa kiasi kikubwa na soko la ng'ambo. Zuhura Swaleh, ambaye alichanganya mapigo ya chakacha na taarabu na kuipa tashkota nafasi ya mbele, alitolewa albamu ya Jino la Pembe na kampuni ya GlobeStyle ya London mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi za Malika nazo zilitolewa Ujerumani mwaka 1997. Wote wawili walikuwa wamekwisha kupata majina pwani kabla ya hapo. Basi ikiwa albamu ndiyo kipimo, sauti ya mwanamke wa Mombasa itahesabiwa kuwa imezaliwa siku mgeni alipoifungia ndani ya jalada.

Pingamizi moja lina uzito. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Bila ya santuri hizo, na bila ya wasifu alioandikiwa na Shaaban Robert, kumbukumbu yake ingalififia. Pingamizi hilo linathibitisha kwamba chombo cha kuhifadhi ni shahidi wa lazima. Halithibitishi kwamba aliyekosa shahidi hakuwa na kesi.

Tuzo mbili

Neno tuzo lenyewe linatoa mwanga. Siku hizi tuzo ni zawadi inayotangazwa na jopo au gazeti. Arusini, tuzo ni fedha anayopelekewa mwimbaji wakati anaimba. Mwanamke huinuka na kucheza taratibu hadi mbele, kisha hutoa noti mbele ya macho ya wote. Tofauti ya tuzo hizi mbili ni ya kimaadili. Anayetuza ukumbini huonekana uso, hujulikana ni jamaa ya nani, na ubeti aliouchagua kuinukia humfunga. Kesho yake anaweza kuulizwa alimkusudia nani. Tuzo ya gazeti hutolewa na mkono usioonekana na hujivika vazi la ukweli wa wote.

Isitoshe, arusi nyingi za Mji wa Kale hutenga hafla ya wanawake peke yao. Wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili wamekuwa wanaume, ambao mlango huo haukufunguliwa kwao. Wao husikia kanda, yaani sauti iliyokwisha kuondolewa miongoni mwa waliokuwa wakiihukumu.

Fumbo na jeraha

Dhana ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika taarabu methali hii haitoshi, kwa kuwa wimbo unaouzika sana huenda ukawa ndio uliojeruhi sana. Jambo hili si geni Mombasa. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo, ameeleza ushindani wa vyama vya lelemama vya Banu Saada na Ibinaal Watan. Nyimbo zilikuwa miongoni mwa silaha za ushindani huo, na aliyekiuka adabu aliweza kuaibishwa kwazo. Basi wimbo uliotikisa mji mwaka fulani huenda ulitikisa kwanza nyumba moja.

Je, mhakiki auvike taji? Atakayejibu kwamba fani ndiyo mizani pekee atamgeuza aliyeumizwa kuwa malighafi ya sanaa. Atakayejibu kwamba kila wimbo wa kijembe ulaaniwe atawanyamazisha wanawake ambao fumbo lilikuwa njia yao ya kusema, maadamu barazani hawakuwa na kiti. Kila jibu linadhulumu upande mmoja.

Njia ya kutoka imo ndani ya fumbo lenyewe. Fumbo lililokomaa halimtaji mtu. Humwachia anayelisikia nafasi ya kujitambua, kujibu, au kupita kana kwamba halikumhusu. Kwa sababu hiyo huweza kuuvuka ugomvi uliolizaa na kuwafaa wengine wenye ugomvi tofauti. Kijembe kisicho na stara hufa pamoja na kisa chake. Hapa fani na maadili havipingani: ufundi wa kusitiri ndio huo huo wema wa kusitiri. Lakini kipimo hiki kinahitaji muda, na mwaka mmoja hautoshi kuonyesha ni wimbo upi umeuvuka ugomvi wake.

Hitimisho

Haifuati kwamba mhakiki anyamaze. Asiyechagua huuachia uamuzi wingi wa mauzo, au hesabu ya mara ambazo wimbo umesikilizwa katika simu. Na hesabu haielezi nani aliinuka, wala kwa ubeti upi. Mhakiki hana budi kuchagua, ila achague kama anayetuza ukumbini: aonekane. Aseme alisikia wapi, kwa kanda gani, na ni mlango upi uliokuwa umefungwa kwake. Fauka ya hayo, akumbuke kwamba kabla hajashika kalamu wanawake wa Kibokoni walikwisha kutoa hukumu yao, noti ikiwa mkononi na uso ukiwa wazi mbele ya wenzao. Haki ya kwanza anayodaiwa ni kuuliza walihukumu nini.