Aliyengoja Damu

Kisa hiki ni cha mfano. Kimekusanywa kutoka yaliyowapata wengi. Mwaka 2019, mlipuko wa Ebola ukiendelea mjini Butembo, Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, mama mmoja aliamka Jumatatu na homa, kichwa kinamgonga, viungo vimelegea. Siku kumi zilizotangulia alikuwa amemuuguza wifi yake mpaka akakata roho.

Jirani alimsihi aende kituo cha matibabu ya Ebola. Dada yake akakataa katakata: "Mdogo wangu, Ebola ni kutoka damu. Wewe damu inakutoka wapi? Hii ni malaria. Tena kule kwenye mahema, nani kaingia akarudi?" Basi akapelekwa zahanati ya mtaani, akachomwa sindano za malaria. Jumatano akaanza kutapika na kuhara. Alhamisi kwikwi zikamshika. Ijumaa mkojo ukakatika. Jumamosi alifikishwa kituoni hajitambui, na usiku huohuo akafariki. Damu iliyokuwa ikingojwa haikutoka hata tone.

Baada ya wiki moja homa ilimpanda dada mwenyewe, kwa maana ndiye aliyekuwa akifua nguo za mgonjwa. Safari hii hakungoja. Alikwenda kituoni asubuhi ile ile, akatibiwa, akapona.

Kilichowatenganisha ndugu hawa si bahati tupu. Ebola huanza kama malaria au homa ya matumbo, na wagonjwa wengi hawatoki damu kabisa. Wakati watu wa nyumbani wanabishana, virusi vinazaliana, vinashambulia ini na figo, huku kutapika na kuhara kukiukausha mwili maji na chumvi. Figo zikishafeli, daktari ana kazi ngumu.

Madhara haya ya kuchelewa yalipimwa pale pale Kivu. Kuanzia Novemba 2018, jopo lililoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe lililinganisha dawa nne kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kwa dawa mbili zilizoshinda, waliofika virusi vikiwa bado vichache damuni walikufa takriban mmoja kati ya kumi. Waliofika virusi vimejaa walikufa zaidi ya sita kati ya kumi, kwa dawa zile zile. Kila siku iliyopita tangu dalili kuanza iliongeza uwezekano wa kufa kwa asilimia 11 hivi.

Yapo mengine yanayozidisha hatari: utoto mchanga na uzee. Hayo hayamo mikononi mwa mgonjwa. Yaliyomo ni mawili: kukubali chanjo anapotajwa kuwa aligusana na mgonjwa, kwa kuwa waliochanjwa kabla ya kuugua walikufa wachache kuliko wasiochanjwa, na kuwahi.

Tusimlaumu yule dada kana kwamba alikuwa mjinga. Watu wa Kivu walikuwa wameonja vita miaka mingi, na wageni waliokuja na magari mengi kupambana na Ebola waliwatia shaka. Tena alichokisema alikiona kwa macho yake: walioingia kwenye mahema wengi hawakurudi. Ila hakuona sababu. Hofu iliwachelewesha watu, kuchelewa kukawaua, na vifo vyao vikaipa hofu ushahidi mpya. Mlipuko ule ulipotangazwa kwisha Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa.

Funzo ni hili. Kama umemuuguza, umemwosha au umemzika mtu aliyekufa kwa homa isiyoeleweka, homa yako ya kwanza ni amri ya kuondoka nyumbani kwenda kupimwa. Waambie wahudumu ukweli wote: ulimgusa nani, lini, na wapi. Ikiwa ni malaria, utatibiwa malaria. Ikiwa ni Ebola, utakuwa umefika siku ambayo dawa bado ina nguvu, na walio nyumbani kwako watachanjwa mapema.